Kabla ya kuuza ng'ombe kulipia kozi ya kompyuta

Septemba na Oktoba ni miezi ya hesabu ngumu katika vihamba vya Machame. Kahawa inaendelea kuchumwa, kumenywa na kuanikwa, lakini fedha yake bado haijamfikia mkulima. Wakati huo huo vyuo vinafungua milango, na kijana aliyemaliza kidato cha nne ameshikilia jambo moja tu: anataka kwenda kusomea kompyuta. Mzazi anatazama zizini. Ng'ombe mmoja wa maziwa akiuzwa, ada ya mwanzo inapatikana. Lakini maziwa yaliyokuwa yakinunua sukari, sabuni na madaftari ya wadogo zake yanaondoka na ng'ombe huyo.

Huo ni uwekezaji, na unastahili kupimwa kama uwekezaji mwingine wowote wa shambani. Mkulima anayechukua miche ya kahawa kutoka Lyamungo, yaliko makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), huuliza ni aina gani, inastahimili chulebuni na kutu ya majani au haistahimili, na itaanza kuzaa baada ya muda gani. Mkulima huyo huyo akifika kwenye kozi ya kompyuta, mara nyingi haulizi hata swali moja. Anaona bango mjini Moshi, anaambiwa "kompyuta", anaamini kompyuta ni moja.

Kompyuta si moja. Kuna kozi za matumizi, yaani kuandika barua, kutengeneza majedwali, kutuma barua pepe na kuchapa. Hizi huchukua wiki chache au miezi michache. Kuna kozi za kutengeneza programu. Na kuna kozi za ufundi wa mitandao ya kompyuta na huduma kwa watumiaji: kuunganisha kompyuta za ofisi zizungumze, kuzipatia intaneti, kuzitengeneza zinapogoma, na kumsaidia karani ambaye printa yake imekataa kutoa risiti huku foleni ikiwa mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 cheti cha matumizi kilitosha kumpatia kijana kazi ya ukarani, kwa sababu waliokuwa nacho walikuwa wachache. Leo cheti hicho peke yake hakina uzito huo. Ni kama kujua kuendesha baiskeli: inafaa, lakini hakuna anayekulipa kwa hilo.

Makala haya yanahusu aina ya tatu, ile ya ufundi, kwa sababu ndiyo ambayo soko lake limesogea hadi mlimani.

Soko lilivyopanda mlima

Nchi yetu ilichelewa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali, na kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi chache za mijini. Hata marufuku ilipolegezwa na vibanda vya intaneti vikaanza kufunguliwa, mawasiliano na nje yalipitia kwenye setilaiti, na yalikuwa ghali na ya polepole. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2009, pale mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010, sambamba na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenda mikoani. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua intaneti ya kasi hata kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, katika njia ya Marangu. Mgeni anayepanda mlima anaweza kutuma picha akiwa huko. Katibu wa chama cha msingi aliye mita 2,000 chini yake bado anaweza kukaa siku nzima akisubiri mtu wa kumwambia kwa nini kompyuta yake haifunguki.

Hapo ndipo penye kazi. Tangu mwaka 2010 wafanyabiashara waliosajiliwa walianza kutakiwa kutumia mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyeandikishwa kwenye mfumo wa kidijitali, na wakala wa pembejeo ambaye mtandao wake umekatika hawezi kumhudumia hata kama mifuko imejaa dukani. Vyama vya ushirika navyo vimeingizwa katika mfumo wa kidijitali wa usimamizi uitwao MUVU. Ongeza shule za sekondari, Hospitali ya Machame, hoteli na kampuni za utalii zinazotegemea lango la Machame la kupandia Kilimanjaro, na maduka ya Kwa Sadala na Boma Ng'ombe.

Chukua pia ushirika wa maziwa. Wanawake wa Nronga, hapo hapo Machame, walianzisha chama chao cha maziwa mwaka 1988, wakati kumbukumbu za kila kinamama na kila lita ziliandikwa kwa kalamu. Chama chochote cha namna hiyo kina mamia ya namba za kuingiza asubuhi, na mwisho wa mwezi kila mwanachama anataka hesabu yake iwe sahihi hadi nusu lita. Kompyuta inarahisisha kazi hiyo. Kompyuta iliyoharibika siku moja kabla ya malipo, bila nakala ya akiba, inaigeuza kuwa ugomvi.

Mtandao ni kama mfongo

Wazee wa Machame wanaweza kumwelewa fundi wa mitandao kuliko wanavyodhani. Mfongo unachukua maji mtoni juu kabisa, unayashusha kwa mteremko uliopimwa kwa jicho, kisha maji yanagawanywa penye matoleo, kila kihamba na zamu yake. Mtandao wa ofisi una mpangilio huo huo. Intaneti ndiyo mto. Ruta ni banio linalotoa njia kati ya mto na mfongo wenu. Swichi ni mahali pa kugawia, ikipeleka taarifa kwenye kompyuta inayohusika tu. Na kila kompyuta ina anwani yake ya namba, kama kila kihamba kinavyojulikana ni cha ukoo gani. Kompyuta mbili zikipewa anwani moja, matokeo yake ni sawa na watu wawili kupewa zamu moja ya maji: hakuna anayemwagilia.

Maji yakikatika kwenye kihamba, mtu mwenye akili hakimbilii mtoni. Anaangalia toleo lake kwanza, halafu la jirani, halafu anapanda. Fundi aliyefundishwa vizuri hufanya vivyo hivyo. Je, umeme upo? Taa za ruta zinawaka? Waya umechomoka au umeng'atwa na panya? Kompyuta imepata anwani? Inaweza kuiita ruta na ikajibiwa? Ruta nayo inaweza kuita nje? Kila swali linafunga mlango mmoja na kufungua unaofuata, na baada ya dakika kumi tatizo linajulikana liko wapi. Fundi wa kubahatisha huanza kwa kufuta kila kitu kilichomo na kuweka programu upya. Wakati mwingine mashine inapona kweli, lakini daftari la wanachama limekwenda.

Kuna siku tatizo haliko ofisini kabisa. Mnamo Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Intaneti ilizorota au kupotea nchi nzima. Fundi anayejua kazi yake aliweza kumwambia mteja siku hiyo asubiri, asinunue ruta nyingine. Ushauri huo una thamani ya fedha, ingawa hauhitaji bisibisi.

Mambo ambayo kitabu hakiyasemi

Mafunzo mengi ya mitandao yameandikwa kwa ajili ya jengo la mjini lenye korido nyoofu na umeme wa uhakika. Machame ni matuta na makorongo. Waya wa shaba wa mtandao, ule wenye nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, una kikomo cha mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Ofisi ya chama ikiwa upande huu na ghala likiwa mita 180 ng'ambo ya migomba, waya mmoja hautafaa hata kama duka litakuuzia. Fundi atalazimika kuweka swichi katikati penye umeme, au kutumia waya wa mkongo, au kurusha mawimbi kwa antena mbili zinazotazamana. Antena nazo zinataka kuonana. Mgrevilea uliopandwa leo mpakani utakuwa umeziba njia baada ya misimu michache, na majani mabichi yaliyolowa mvua ya masika hudhoofisha mawimbi. Anayefunga antena mwezi Januari ajiulize Aprili itakuwaje.

Umeme ni somo jingine. Unapokatika na kurudi kwa kishindo, unaua vifaa vingi, na radi hupita hata kwenye waya wa mtandao uliotandazwa nje baina ya majengo. Kwa hiyo kijana asiyeelewa waya wa ardhini, stabilaiza na betri za akiba ni nusu fundi huku mlimani. Ndiyo maana mwanafunzi aliyepitia kwanza ufundi wa umeme wa majumbani VETA, ambao chuo chake kipo Moshi, kisha akaongeza mitandao, ana faida kubwa kuliko wazazi wengi wanavyofikiri. Ukungu wa vijiji vya juu pia una gharama yake: unyevu hutafuna viungio vya shaba taratibu, na tatizo linaonekana kama mzimu, leo lipo, kesho halipo.

Pa kusomea na cha kuuliza

Kwa familia ya Machame vyuo haviko mbali. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza Januari 1963 kama Chuo cha Ushirika na kupata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2014, kina shahada inayounganisha TEHAMA na biashara. Arusha kuna Chuo cha Ufundi kilichoanza mwaka 1978, na Chuo cha Uhasibu cha Njiro ambacho licha ya jina lake kinafundisha pia fani za kompyuta. Vipo vyuo binafsi vingi, vingine vizuri, vingine bango tu.

Ngazi zinazotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) ni pamoja na ngazi ya 4, yaani astashahada ya awali, kisha ya 5 astashahada, na ya 6 stashahada. Kuingia ngazi ya 4 kwa kawaida kunahitaji ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, bila kuhesabu ya dini. Kinachotakiwa kwanza ni namba ya usajili wa chuo na ya kozi yenyewe, si ya chuo pekee. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa uhasibu huku kozi yake ya mitandao ikiwa haina ithibati.

Pembeni kuna vyeti vya kampuni na vyama vya nje. Cisco ilianzisha mpango wake wa kufundisha mitandao vyuoni mwaka 1997 na cheti chake kiitwacho CCNA mwaka 1998. Tangu Februari 2020 kinapatikana kwa mtihani mmoja. Mtihani huo hugharimu takriban dola 300 za Marekani na cheti hudumu miaka mitatu tu kabla ya kuhuishwa. Kwa huduma za ufundi wa kompyuta kuna A+ ya CompTIA, yenye mitihani miwili. Vyeti hivi vinaheshimiwa na waajiri wakubwa, lakini kwa kijana atakayehudumia maduka ya pembejeo na vyama vya msingi, kukimbilia mtihani wa dola kabla ya kupata mikono yenye uzoefu ni kupanda kabla ya mvua. Asome kwanza, kwa kuwa mafunzo mengi ya utangulizi ya Cisco na programu yao ya majaribio, Packet Tracer, hutolewa bure. Mtihani ataulipia mwenyewe akianza kupata.

Jambo moja husemwa kwa aibu: masomo haya yote ni kwa Kiingereza. Kijana aliyepata alama ya chini ya Kiingereza kidato cha nne asidanganywe kwamba kompyuta haihitaji lugha. Ujumbe wa hitilafu unaotokea kwenye kioo ni sentensi ya Kiingereza, na asiyeielewa hataitibu. Miezi mitatu ya kuimarisha lugha kabla ya chuo inaweza kuokoa mwaka mzima wa ada.

Mzazi afike chuoni mwenyewe, asitume fedha kwa simu tu. Akishamsalimu mwalimu, aombe kuona karakana. Kuna ruta na swichi ngapi, na wanafunzi wangapi wanazigawana? Mwanafunzi hukata na kubana waya kwa mkono wake, au anamwangalia mwalimu? Kuna kompyuta mbovu za kufungulia, au zote zimefunikwa vitambaa? Mafunzo kwa vitendo nje ya chuo huchukua wiki ngapi, na nani humtafutia mwanafunzi nafasi? Chuo chenye karakana hufurahia maswali haya. Kisicho nayo kitamrudisha mzazi kwenye fomu ya ada.

Hesabu ya zizini

Sasa ng'ombe. Chukua mfano wa hesabu, kila mtu aweke bei zake. Tuseme gharama za mwaka wa kwanza, pamoja na malazi na nauli, ni shilingi 1,500,000, na ng'ombe anaweza kuuzwa kwa kiasi hicho. Tuseme pia anauza lita 6 kwa siku kwa shilingi 1,000 kwa siku 300. Hiyo ni shilingi 1,800,000. Toa nusu kwa pumba, majani, dawa na mtamba wa kuandaa, inabaki shilingi 900,000 kwa mwaka, sawa na 75,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo ng'ombe angerudisha bei yake kwa miezi 20, na bado angekuwa zizini.

Hivyo chuo kinachokubali malipo kwa awamu kinaweza kuwa rahisi kuliko chenye ada ndogo inayodaiwa yote siku ya kwanza. Maziwa yanabeba 900,000, na pengo la 600,000 linazibwa na kahawa au mkopo mfupi wa SACCOS utakaolipwa malipo ya kahawa yakitoka. Kuuza ng'ombe kuwe hatua ya mwisho. Ikilazimu, auzwe yule anayekaribia kuacha kuzaa, si mwenye mimba.

Upande wa mapato, familia isihesabu mshahara. Chama kimoja cha msingi hakina kazi ya kumshughulisha fundi mwezi mzima, wala duka moja. Kinachowezekana ni mkataba mdogo na ofisi kadhaa: kila moja inalipa kiasi kidogo kila mwezi ili fundi apite kukagua, kuweka nakala za akiba na kuja anapoitwa. Ofisi tano zikilipa shilingi 40,000 kila moja ni 200,000, kabla ya nauli ya bodaboda na kazi za pembeni. Si utajiri, lakini ni fedha inayokuja kila mwezi, jambo ambalo kahawa haijawahi kufanya. Kwa chama nacho ni nafuu kuliko kusafirisha kompyuta hadi mjini na kuiacha huko wiki nzima.

Kazi hiyo inategemea kuaminiwa. Fundi anaona majina, simu na malipo ya kila mwanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu zaidi akichezea mifumo ya wengine. Chama kifanye sehemu yake: maandishi ya makubaliano, nywila zinazobaki kwa viongozi, na nakala ya akiba inayotunzwa jengo jingine. Mkataba wa mdomo na mtoto wa jirani umeshavunja ujirani mwingi.

Kwa familia ambayo fedha ya Septemba imekosekana, baadhi ya vyuo hupokea wanafunzi pia mwezi Machi, wakati kahawa nyingi imeshauzwa. Miezi hiyo kijana anaweza kupakua Packet Tracer kwenye kompyuta ya kuazima, kuimarisha Kiingereza, na kumfuata fundi wa Boma Ng'ombe au Moshi akimshikia ngazi na kumkatia waya, hata kwa malipo ya nauli tu. Akirudi nyumbani jioni ya tatu akisema hapendi kupanda darini kwenye vumbi na popo, mzazi atakuwa amejua mapema, na ng'ombe bado yupo.